Mwanao ni mwanasheria: Je, nani anamlea kazini?

Hebu msomaji, fikiria asubuhi moja mtaani Mbotela. Kijana wa suti nyeusi, faili kwapani, anaharakisha kwenda Jogoo Road kuabiri matatu. Mama mboga anamwita "wakili". Jirani anamkimbilia na barua ya kufutwa kazi, akitaka amwandikie mwajiri majibu. Huko nyumbani, baba naye anajiuliza: mbona wakili huyu bado ananiomba nauli?

Jibu ni kwamba kijana huyo bado si wakili. Ni mwanagenzi. Nchini Kenya, baada ya kupata shahada ya sheria, anayetaka kuwa wakili husoma katika Chuo cha Sheria kilichoko Karen, hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na hukaa miezi 6 chini ya wakili aliyehudumu kwa miaka isiyopungua 5. Ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuandikwa katika orodha ya mawakili. Hata hapo, ni lazima awe na leseni ambayo hulipiwa kila mwaka.

Kati ya hatua hizo zote, ile miezi 6 ndiyo familia nyingi huipuuza. Kijana husukumwa atafute kampuni yenye jina kubwa, ili mzazi apate la kusimulia kanisani au msikitini. Lakini jina la kampuni halimfundishi mtu. Anayemfundisha ni wakili mmoja, mwenye subira, anayemchukua mahakamani na kumwonyesha kosa lake.

Mfano tunao katika historia yetu. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mnamo Novemba 1952. Mwezi uliofuata, kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano ilianza kusikizwa Kapenguria. Mtetezi mkuu alikuwa D. N. Pritt, wakili kutoka Uingereza aliyekuwa na umri wa miaka 65. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwa Fitz de Souza, aliyezaliwa mwaka 1929 na ambaye ndio kwanza alikuwa amerejea Kenya kutoka masomoni. Kesi hiyo walishindwa Aprili 1953. Hata hivyo, kijana huyo aliendelea na kazi ya sheria, na baadaye akawa Naibu Spika wa Bunge la Kenya. Ni wangapi hupata nafasi ya kumtazama mkongwe akifanya kazi katika kesi ngumu kama ile?

Basi wewe unayetafuta pa kufanyia uanagenzi, kabla ya kukubali nafasi, waulize waliokutangulia katika ofisi hiyo: Je, walipelekwa kortini, au walibaki kutoa nakala tu? Je, walipoandika hati, kuna mtu aliyeketi nao kuisahihisha? Je, waliwahi kumsikiliza mteja akieleza shida yake? Uliza pia kuhusu malipo mapema na bila haya, kwani wako wanagenzi wasiopata zaidi ya nauli.

Ukishaingia, weka daftari. Andika kila siku ulichoona, na jina la sheria usiyoijua, ukaisome jioni. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Hati iliyochelewa kuwasilishwa yaweza kumgharimu mteja kesi nzima. Na mlezi si lazima awe mkubwa wako peke yake. Karani wa ofisi aliyezoea masjala ya mahakama kwa miaka mingi ni mwalimu pia. Kuuliza si ujinga.

Jihadhari na ile barua ya jirani. Kujifanya wakili kabla ya kuandikishwa ni kosa la jinai, na kunaweza kukufungia mlango wa taaluma kabla hujaingia. Mpeleke jirani kwa wakili anayekulea. Atasaidiwa ipasavyo, nawe utajifunza.

Nanyi wazazi, mtoto wenu amesoma miaka mingi, na karo mnaijua nyinyi. Lakini mkimdai matunda mwezi wa kwanza, mtamsukuma kwenye njia za mkato. Mpeni nauli bila masimango. Mstahimilivu hula mbivu.

Kwa mwanafunzi wa sekondari anayeota kuvaa joho, safari yaweza kuanza likizo hii. Mahakama ya Makadara haiko mbali na Mbotela, na kesi nyingi husikizwa hadharani. Ingia, keti nyuma, zima simu, usikilize. Tazama nani amejiandaa na nani anababaisha. Somo hilo halina karo.