Midomo ya Jani: Ni Nani Anayeipanga?



Chuma jani la sukuma wiki, uliache juani kwa muda. Litalegea. Je, maji yake yameenda wapi? Yametokea kwenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wataalamu huviita stomata. Sisi tuviite midomo ya jani. Kupitia midomo hiyo jani huvuta hewa ya kujitengenezea chakula, lakini likifungua tu, maji nayo yanatoka. Ni kama duka: ukifunga mlango mwizi haingii, lakini na mteja pia haingii.

Idadi ya midomo hutegemea hali ya mahali na pia maagizo ambayo Mwenyezi Mungu aliyaweka ndani ya mbegu. Maagizo hayo huitwa jeni. Wanasayansi waliyachunguza katika Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo mmoja na sukuma wiki. Mwaka wa 2007 walieleza jeni mbili walizozipa majina ya kuchekesha. Ya kwanza ni "Asiye na Usemi": ikiharibika, jani halipati mdomo hata mmoja. Ya pili ni "Bubu": ikiharibika, kazi huanza lakini mdomo haukamiliki. Iko nyingine, "Midomo Mingi Mno". Hiyo hulinda nafasi, kama tunavyopanda mahindi kwa nafasi. Ikiharibika, midomo husongamana.

Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na wenzao wa Ufilipino walieleza mpunga uliozidishiwa jeni ya kupunguza midomo. Ulitumia maji kidogo na kustahimili ukame kuliko mpunga wa kawaida.

Lakini msidhani kila mbegu ya sehemu kavu ina midomo michache. Mahindi ya Katumani, kwa mfano, huepa ukame kwa kukomaa mapema. Kwa hivyo kabla kikundi hakijatoa pesa, mwulizeni afisa wa kilimo: mbegu hii hustahimili ukame kwa njia gani?

Jeni hatuzibadilishi kwa jembe, lakini miche yetu twaweza kuilinda. Mche ukihamishwa mizizi hukatika, ilhali majani bado yanatoa maji. Basi:

1. Hamisheni jioni au siku ya mawingu.
2. Mwagilieni kabla na baada ya kuhamisha.
3. Wekeni kivuli siku za kwanza.

Mara nyingi twalaumu mbegu, kumbe mche ulikufa kwa kiu.