Michezo Inayowaleta Watu Wote Uwanjani

Na Bwana Shamba

Mavuno yakiisha, vijijini huwa na sherehe nyingi. Kuna harusi, kuna sikukuu ya Nane Nane, na kuna siku ambayo wanakikundi hugawana akiba yao. Watu hukusanyika, hupika na kula pamoja.

Lakini baada ya kula, wengi hukosa la kufanya. Baadhi ya wanaume huenda kilabuni kunywa pombe. Akina mama hubaki wakiosha vyombo. Wazee huketi peke yao chini ya mwembe. Watoto huzurura. Je, hiyo ni sherehe ya wote?

Ndugu msomaji, dawa yake ni nyepesi. Ni michezo. Michezo mingi ya kwetu haitaki fedha. Tena watu wakicheka pamoja leo, kesho hawaoneani haya kuombana msaada wa palizi. Na mtu anayenyamaza mkutanoni hupata ujasiri wa kusema. Hapa chini nimeeleza michezo minne.

1. VITENDAWILI

Mchezo huu ni wa kila mtu. Unawafaa hasa wazee, wajawazito na watu wasioweza kukimbia. Kaeni duara. Mmoja aseme, "Kitendawili!" Wote waitikie, "Tega!" Kisha atege, kwa mfano: "Kuku wangu ametagia miibani." Anayejua ajibu, "Nanasi."

Wote wakishindwa, mtegaji aombe mji. Wampe Tabora, Tanga au mji mwingine. Akiupenda mji huo, asimulie alivyofika huko na alivyopokewa, kisha atoe jibu. Hapo ndipo kicheko kilipo.

Wekeni sharti moja. Aliyejibu mara mbili anyamaze kwanza, awaachie wenzake. Bila sharti hilo, wasemaji watakuwa wale wale wa kila siku.

2. NYAMA, NYAMA

Watu wasimame duara. Kiongozi ataje wanyama mmoja mmoja. Akitaja mnyama anayeliwa, kama mbuzi, wote waruke na kusema, "Nyama!" Akitaja asiyeliwa, kama fisi, wote watulie. Atakayeruka hapo ametoka. Kiongozi aharakishe, ili watu wakosee. Lakini asitaje nguruwe. Wengine humla, na wengine dini yao inawakataza. Mchezo usilete ugomvi.

Mchezo huu unaweza pia kufundisha kilimo. Badala ya wanyama, kiongozi ataje mazao. Watu waruke akitaja zao la jamii ya kunde tu, kama maharage, choroko au mbaazi. Akitaja mahindi, mtama au muhogo, watulie.

Ngoja afike kwenye karanga. Wengine wataruka na wengine watatulia. Watabishana. Waacheni wabishane kidogo, kisha elezeni ukweli. Karanga ni jamii ya kunde. Ng'oeni mche mmoja wa karanga ulio shambani, mwonyeshane vinundu vidogo kwenye mizizi yake. Ndani ya vinundu hivyo kuna vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Ndiyo maana tunashauriwa kubadilisha mazao, mwaka huu karanga, mwaka ujao mahindi. Aliyebishana juu ya jambo hilo hatalisahau upesi.

3. KUVUTA KAMBA

Mchezo huu una heshima kubwa. Ulikuwa katika Michezo ya Olimpiki kuanzia mwaka 1900 hadi 1920. Hapa Tanzania, watumishi wa Serikali huucheza katika mashindano ya SHIMIWI.

Gaweni watu pande mbili, kwa mfano wanane kila upande. Linganisheni nguvu. Changanyeni wake kwa waume, ili upande mmoja usiwe wa wanyonge.

Sikilizeni vizuri hapa. Kamba inaweza kukata vidole. Kwa hiyo:
- Tumieni kamba nene na nzima. Msitumie kamba nyembamba ya nailoni.
- Mtu asizungushe kamba mkononi wala asijifunge kiunoni.
- Msiachie kamba kwa ghafla. Wenzenu wataanguka.

4. MBIO ZA MAGUNIA

Kila mshindani aingie ndani ya gunia, alishike kwa mikono, na aruke hadi mwisho. Watoto wadogo wanaweza kushindana kwa kubeba ndimu juu ya kijiko.

Kwanza ondoeni mawe, visiki na vipande vya chupa uwanjani. Kisha chagueni magunia. Msitumie magunia yaliyokuwa na mbegu zilizopakwa dawa, wala yaliyobeba dawa za wadudu au mbolea ya dukani. Vumbi lake linadhuru ngozi, macho na mapafu. Tumieni magunia ya nafaka yaliyokung'utwa vizuri.

KABLA YA KUANZA

Chagueni mwamuzi mmoja anayeheshimiwa. Anzeni mapema, jua likiwa bado juu, na vyombo vioshwe na wote, wanaume kwa wanawake. Kazi ikigawanywa, akina mama nao watafika uwanjani.

Zawadi iwe ndogo: kipande cha sabuni, mche wa mpapai, au kikombe cha mbegu. Msichangishane fedha ili mshindi azichukue. Huo si mchezo tena, ni kamari. Mtu anaweza kuondoka shereheni amepoteza fedha za chumvi.

Ndugu wanakijiji, kidole kimoja hakivunji chawa. Katika sherehe ijayo, tazameni nani amekaa pembeni peke yake. Mwiteni huyo awe wa kwanza kutega kitendawili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni michezo gani ya wazee wetu ambayo watoto wa kijiji chetu hawaijui?
2. Kwa nini kamba isizungushwe mkononi?
3. Tajeni mazao matano ya jamii ya kunde.