Tembo, Mimba na Uongo Uliouza Tiketi

Anapoletwa kliniki mtoto mwenye uvimbe mkubwa usoni, au mwenye mkono uliokua kupita kiasi, swali ni lile lile: "Daktari, huyu mama yake wakati wa mimba alimcheka nani?" Mara nyingi anayeuliza ni wifi au mama mkwe, na mama mwenyewe ameinamisha kichwa, ameshakubali hatia. Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Imani hii, kwamba alichokiona au kukicheka mama mjamzito humharibu mtoto, imewahi kutajirisha watu. Mwaka 1884, katika duka moja la Whitechapel Road, London, mkabala na hospitali, watu walilipa kiingilio wamtazame Joseph Merrick, kijana wa miaka 22 ambaye fuvu, mkono wa kulia na miguu yake vilikuwa vimekua ovyo. Walimwita Mtu-Tembo. Kijitabu kilichotolewa kwa jina lake kilieleza kwamba mama yake, akiwa mjamzito, alisukumwa na umati hadi chini ya miguu ya tembo wa maonyesho, akashtuka, na mshtuko huo ndio uliomharibu mtoto.

Kisomeni vizuri. Humo humo imeandikwa kwamba alipozaliwa hali ile haikuonekana sana. Ilianza kujitokeza alipofika miaka mitano. Mshtuko wa mimba ulijificha wapi miaka yote hiyo? Kondo la nyuma linapitisha chakula, oksijeni, pombe, baadhi ya dawa na virusi kama vya rubela. Halipitishi sura ya mtu uliyemwona sokoni. Hakuna mshipa wala neva inayotoka kwenye jicho la mama kwenda kwenye ngozi ya mtoto. Wauguzi wanaowahudumia watoto hawa hubeba mimba wakiwa kazini, wanawaogesha na kuwafunga vidonda, kisha wanajifungua watoto wazima.

Wataalamu wengi sasa wanaona Merrick alikuwa na ugonjwa wa Proteus. Mwaka 2011 chanzo chake kilipatikana: hitilafu ndogo katika jeni ya AKT1, inayotokea kwenye seli moja ya kiinitete baada ya mimba kutungwa. Seli zinazozaliwa na hiyo moja hukua bila breki, nyingine hubaki sawa. Ndiyo maana mkono wa kushoto wa Merrick haukuwa na kasoro. Ugonjwa huu haurithiwi, na hakuna alichofanya mama kuuleta.

Lakini ukweli huo usingejaza duka. Merrick aliiendea biashara ile mwenyewe, maana mlango mwingine uliokuwa wazi ni wa nyumba ya maskini ya Leicester. Mwaka 1886 meneja wake alimwibia akiba na kumtelekeza Ubelgiji. Nasi madaktari hatukuwa safi: Frederick Treves, daktari wa hospitali ile iliyokuwa mkabala na duka, alimpeleka mbele ya chama cha wanapatholojia kabla hajampa makazi hospitalini, na mifupa yake ingali imehifadhiwa chuoni London. Siku hizi onyesho liko kwenye simu: uso wa mtoto, hadithi ya laana, na namba ya michango isiyo ya mama yake. Anayeamini laana ndiye anayesambaza.

Basi, haraka haraka. Uvimbe usichanjwe, usikandwe, usipakwe dawa ya mganga. Ombeni rufaa kwa daktari wa ngozi au wa watoto. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo kizima cha magonjwa ya ngozi. Upasuaji husaidia baadhi, na ufuatiliaji ni wa miaka. Anayepanga mimba atumie asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku: haizuii Proteus, lakini inapunguza sana hatari ya mgongo wazi. Achanjwe rubela kabla ya kushika mimba, si baada. Picha ya mtoto isitoke bila idhini ya mzazi, na mzazi ana haki ya kukataa hata akiombwa na daktari. Mkitaka kuchangia, nendeni dirisha la malipo la hospitali, lipieni kwa jina la mtoto na namba ya faili lake.