Deni la Usingizi

Ndugu msomaji, hebu waulize wanafunzi wa shule yoyote ya bweni humu nchini wakuonyeshe msomaji hodari. Aghalabu watakuonyesha yule anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza: anayetumbukiza miguu katika karai la maji baridi ili asisinzie, anayekunywa kahawa nyeusi kama wino, anayejifunika blanketi gubigubi na kurunzi mkononi ili kiranja asimwone. Huyo ndiye anayesifiwa. Anayelala taa zikizimwa huitwa mvivu, na wenzake humtania, "Wewe lala tu, utaiona D yako!"

Makala haya yanakusudia kumtetea huyo anayeitwa mvivu. Usingizi si adui wa masomo. Ni sehemu ya masomo yenyewe, na anayeukopa hulipa, tena kwa riba. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe.

Hesabu ya deni

Mwaka wa 2016 madaktari wa usingizi nchini Marekani walitoa mwongozo kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Basi tuchukue hiyo 8, iliyo ya chini kabisa. Mwanafunzi anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri amepata saa 5 tu. Amekopa saa 3. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa deni limefika saa 15, karibu sawa na kukosa usiku mbili nzima. Jumamosi akilala mpaka jua kali hulipa sehemu tu, na Jumatatu anaanza kukopa upya. Bandu bandu huisha gogo.

Mtu asiseme ati hayo ni mambo ya ng'ambo. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka wa 2015 zilipanga usiku wa shule ya bweni hivi: prepu kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu, kisha kulala hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ukihesabu utapata saa 8 na nusu. Nao wanafunzi wa kutwa, kanuni hizo zilisema wasilazimishwe kufika shuleni kabla ya saa moja na robo asubuhi. Kumbe waliozipanga waliijua hesabu hii! Ni sisi tunaouiba usiku, wengine kwa kengele ya alfajiri, wengine kwa kurunzi.

Mbona hatusikii usingizi mapema?

Ndani ya ubongo mna saa inayoongozwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, saa hiyo huamuru homoni iitwayo melatonini itolewe, na mwili hujua kwamba usiku umefika. Katika ujana saa hii huchelewa: melatonini ya kijana huanza kupanda baadaye kuliko ya mtoto. Ndiyo maana mtoto wa darasa la tatu husinzia mezani hali kaka yake wa sekondari yu macho makavu. Vivyo hivyo, kumwamsha kijana saa kumi alfajiri ni kumwamsha wakati mwili wake ungali katikati ya usiku. Si ukaidi, ni maumbile.

Mji wa Seattle huko Marekani ulilizingatia jambo hili. Mwaka wa 2016 shule zake nyingi za upili ziliacha kuanza masomo saa moja na dakika 50 asubuhi, zikaanza saa mbili na dakika 45. Mtu angedhani wanafunzi wangeitumia nafasi hiyo kuchelewa zaidi kulala. La! Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba muda wao wa kulala siku za shule uliongezeka kwa takriban dakika 34.

Na kahawa je? Tunapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana ubongoni, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyotulemea. Kafeini iliyomo katika kahawa na majani ya chai hukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, kwa hivyo hatuusikii usingizi. Lakini adenosini haijaondoka. Ni kama kuziba masikio mdai anapobisha hodi: mdai yuko palepale mlangoni. Isitoshe, baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini uliyokunywa ingali mwilini. Kikombe cha saa mbili usiku hukufuata hadi kitandani.

Ubongo hufanya nini usiku?

Tukilala, ubongo hauzimiki kama taa. Hupitia usingizi mzito na usingizi wa ndoto, kila mzunguko ukichukua kama dakika 90. Mambo mapya tuliyosoma mchana hutegemea sana sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi. Tukiwa usingizini ubongo huyapitia tena na kuyaimarisha ili yakae. Katika usingizi huohuo mzito, homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi. Basi anayesoma bila kulala ni kama mkulima anayevuna mahindi mchana kutwa kisha akayaacha shambani. Mvua inanyesha na ghala li tupu.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka wa 1924 Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wawili. Wanafunzi hao walikariri orodha za silabi 10 zisizo na maana, kisha wakaulizwa, mara nyingine baada ya kulala, mara nyingine baada ya kushinda macho. Baada ya saa 8 za kuwa macho walikumbuka kwa wastani kama silabi 1. Baada ya saa 8 za usingizi walikumbuka zaidi ya 5. Ni kweli wanafunzi wawili ni wachache, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba usingizi huisaidia kumbukumbu.

Na anayekataa kulala kabisa humpata nini? Mnamo 1964 mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 17, Randy Gardner wa San Diego, Marekani, alimaliza jaribio la sayansi ambamo alikaa macho kwa takriban saa 264, yaani siku 11. Alikuwa mkali, akasahau mambo, akaona yasiyokuwapo. Alipoambiwa atoe 7 kutoka 100 na aendelee hivyo hivyo, alifika 65 akanyamaza. Alipoulizwa sababu, alisema amesahau alichokuwa akifanya! Sisi hatukeshi siku 11, lakini mtahiniwa anayekesha kuamkia karatasi ya Hisabati anaingia chumba cha mtihani na kipande cha ugonjwa huohuo.

Afya nayo haisalimiki. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2015, watu wazima 164 walitiliwa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walipata mafua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Sasa fikiria bweni lenye vitanda vilivyobanana, nusu ya wenyewe wakiwa na deni.

Najua kuna atakayesema, "Lakini fulani alikesha akapata A!" Huenda. Je, aliipata kwa sababu ya kukesha au licha ya kukesha? Huenda alikuwa akidurusu kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tulale na kuamka saa zilezile, hata wikendi zisipishane mno. Pili, kahawa na chai ya rangi tuzikome alasiri. Tatu, baada ya mlo wa mchana, ukiweza, sinzia dakika 20 tu. Ukizidisha utaukosa usingizi wa usiku. Nne, wakati wa likizo simu isilale nawe kitandani, maana mwanga na mazungumzo yake huichelewesha zaidi ile saa ya ubongoni. Tano, mshumaa au koroboi karibu na blanketi ni hatari. Hakuna alama inayofaa kuchomea bweni. Mwisho, ugawe udurusu katika wiki nyingi ili usiku wa kuamkia mtihani uwe wa kulala.

Kwa walimu wetu wapendwa, tunaomba kwa heshima na taadhima: mwanafunzi anayesinzia darasani kila siku aulizwe kabla ya kuadhibiwa. Pengine kitanda chake kina kunguni. Pengine pumu humkohoza usiku kucha, au damu yake imepungua, naye anahitaji zahanati wala si kiboko. Wa kutwa pengine ametembea mwendo mrefu baada ya kuwaandalia wadogo zake uji. Pengine karo haijalipwa, au kuna msiba nyumbani, na mawazo yamemfukuza usingizi. Huyo wa mwisho humtambui kwa kumsimamisha nyuma ya darasa. Humtambua kwa kumwita kando na kumpeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Nasi wenzake tusimcheke. Tukiona halali wiki nzima, tumwambie mtu mzima.

Ndugu msomaji, vitabu vitakungoja hadi asubuhi, na akili iliyolala itavielewa upesi. Dawa ya deni ni kulipa. Tuanze kulipa leo, saa tatu na nusu, kengele ikilia.