Tarehe zote sawa, mbona alama 4 kwa 10?

MWANAO amerudi kutoka shuleni akiwa amenuna. Unamwitisha karatasi ya historia, anakupa shingo upande. Swali lilihusu akina mama wa Uingereza waliopigania haki ya kupiga kura. Unapitia majibu. Chama cha Emmeline Pankhurst kiliundwa mwaka wa 1903, sawa. Mwaka wa 1918 waliotimiza miaka 30 na masharti ya mali wakapewa kura, sawa. Mwaka wa 1928 wakaanza kupiga kura wakiwa na miaka 21 kama wanaume, sawa pia. Hata hivyo mwalimu ameandika 4 kwa 10!

Kabla hujafunga safari ya kwenda kumkabili mwalimu huyo, ewe mzazi, hebu lisome swali lenyewe tena. Huenda mtoto hakuulizwa ni nini kilichotokea. Aliulizwa: tunajuaje kwamba kilitokea hivyo? Swali la kwanza hujibiwa kwa kukariri. La pili hujibiwa kwa kupima ushahidi, jinsi hakimu anavyowapima mashahidi mahakamani.

Tuchukue kisa kimoja. Mnamo tarehe 4 Juni 1913, katika mashindano ya farasi ya Derby mjini Epsom, karibu na London, Emily Wilding Davison, mwanachama wa chama hicho cha Pankhurst, alijitoma uwanjani farasi wakiwa mbioni. Aligongwa na Anmer, farasi wa Mfalme George wa Tano, naye akafariki hospitalini siku nne baadaye akiwa na umri wa miaka 40. Je, alikusudia kufa?

Ushahidi mezani

Tuseme mwalimu amewapa wanafunzi vitu vitatu. Cha kwanza ni filamu iliyopigwa siku hiyo. Cha pili ni tiketi ya gari moshi ya kurudi, iliyopatikana miongoni mwa vitu vya marehemu. Cha tatu ni ukurasa wa kwanza wa The Suffragette, gazeti la chama chake, uliomchora kama malaika mwenye mbawa.

Mwanafunzi wa kwanza anaandika kwamba gazeti linamwonyesha kuwa shujaa aliyejitoa mhanga, kwa hivyo alitaka kufa. Huyu hapiti alama 3. Hakuuliza gazeti ni la nani. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na chama kilichokuwa kikizozana na serikali kilihitaji mashujaa.

Wa pili amegundua kwamba gazeti linapendelea, akalitupa kando. Mpe 5 au 6. Amefanya vyema kushuku, lakini ameharakisha. Gazeti hilo haliwezi kutuambia yaliyokuwa moyoni mwa Davison. Hata hivyo, latuambia vizuri sana jinsi wenzake walivyotaka akumbukwe, na hiyo pia ni historia.

Wa tatu anaanza na tiketi. Inaelekea kuonyesha kwamba alipanga kurudi. Kisha anajiuliza: je, siku ya mashindano abiria angeweza kununua tiketi ya kwenda tu? Ikiwa hangeweza, basi tiketi hiyo haina uzito mkubwa. Anageukia filamu. Inamwonyesha mbele ya farasi, lakini kamera haioni nia ya mtu. Anakumbuka kwamba uchunguzi wa kifo uliamua kilikuwa cha ajali, na kwamba marehemu alipatikana na bendera za chama chake. Anamalizia kwamba ushahidi huu hautoshi kuthibitisha kwamba alitaka kufa, ingawa wadokeza kwamba alikwenda kufanya maandamano. Huyo anastahili 9, hata akikosea tarehe moja.

Sasa waona mwalimu alikuwa akitafuta nini. Nani alitengeneza ushahidi huu? Lini, na kwa ajili ya nani? Je, unakubaliana na ushahidi mwingine? Unanyamazia nini? Na je, mwanafunzi amesema zaidi ya yale ushahidi unayoweza kubeba?

Ukitaka kumsaidia mwanao, huhitaji vitabu vya bei ghali. Mpeleke kwa nyanya yake amwulize ni lini alipiga kura kwa mara ya kwanza. Kisha alinganishe maneno hayo na kitabu. Humu nchini Waafrika walipochagua wawakilishi wao 8 katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957, kura ilikuwa na masharti ya elimu, mapato na mali. Ni katika uchaguzi wa 1963 ambapo kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Kumbukumbu ya nyanya na kitabu vikitofautiana, asikimbilie kusema nyanya amesahau. Aulize kwanza kwa nini.

Jambo hili halimaliziki kwenye mtihani. Siku moja mtoto huyo atakuwa na kura yake mwenyewe, na watakuja wengi kumwonyesha picha za malaika. Basi leo jioni usimgombeze kwa sababu ya hiyo 4. Keti naye, mfungue karatasi hiyo pamoja, umwulize: na hili, wewe ulilijuaje?