Madini ya kukamulia tope la majitaka: tazama tani, si asilimia

Mwaka 2008 China ilitoa kanuni iliyotaka tope la mitambo ya kusafisha majitaka liwe na maji chini ya asilimia 60 kabla ya kuzikwa kwenye dampo la taka za mijini. Wakati huo mashine nyingi, zikitumia polima, zilikuwa zikiishia kwenye asilimia 80 hivi. Pengo hilo likapanua soko la chokaa, chumvi za chuma na unga wa madini.

Kwa nini tope ni gumu kukamua? Chembe zake zimefunikwa na ute unaoshika maji, na zote hubeba chaji hasi ya umeme, hivyo husukumana. Zikibanwa huziba vitundu vya kitambaa cha kuchujia. Unga wa madini, kama majivu ya makaa ya mawe au udongo wa bentonaiti, hufanya kazi kama fito katika ukuta wa udongo: hushikilia nafasi ili maji yapite.

Tatizo ni kwamba bentonaiti ya kawaida nayo ina chaji hasi, kwa hiyo huhitajika nyingi. Ndipo viwanda huiboresha kwa tindikali au chumvi za alumini na chuma, ili ivute chembe za tope zishikamane. Bei ya gunia hupanda, lakini kiasi kinachohitajika kinaweza kupungua.

Hapa mwekezaji hana budi kushika kalamu. Tani 100 za tope lenye maji asilimia 80 zina tani 20 za vitu vikavu. Likikamuliwa hadi asilimia 60 bila kiongezi, zingebaki tani 50 za kusomba. Ukiongeza tani 2 za madini, zitabaki 55. Ukiongeza tani 6, zitabaki 65. Ukiongeza tani 20, zitabaki 100 zile zile: asilimia imeshuka, lakini hujapunguza hata safari moja ya lori.

Aidha, chokaa huua vijidudu na hufaa kwa mashamba yenye udongo wa asidi, lakini madini mengi hupunguza joto tope linapochomwa.

Kabla ya kuweka mtaji, dai majaribio kwenye tope la mteja mwenyewe. Ulizia kipimo kwa kila tani kavu, bei hadi mtamboni, na tani zitakazobaki kusombwa. Muuzaji anayetaja asilimia peke yake hajakuonyesha faida iko wapi.