Mfuko wa Rubugo

Nilikuja nikaona.

Mbona kimya? Kwetu Buhaya msimulizi akianza hivyo, hadithi haiendi mpaka wasikilizaji wajibu: "Ona, nasi tuone." Ni kumwambia kwamba macho yake usiku huu ni ya watu wote, kwa hiyo asipite mbio. Haya, turudie. Nilikuja nikaona...

Sawasawa. Nilimwona msichana wa Nyanga, kata ya Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera. Ana miaka 19. Jina simpi, maana wasichana wa namna yake wako wengi kuanzia Bukoba mpaka Muleba, na huyu wangu nimemshona kwa vipande vya wote. Barazani ana cherehani ya kukanyaga, midomoni pini mbili, shingoni futi ya kupimia. Anapenda mitindo ya nguo, anapenda kupika, anasuka vikapu, na Jumapili anaimba sauti ya pili kwenye kwaya.

"Mshika mbili moja humponyoka," bibi yake humwambia. "Wewe umeshika nne. Utabaki na nini, waitu?"

Bibi ana haki ya kuuliza. Lakini nyinyi msimjibu kabla ya kuzunguka nyuma ya nyumba, kwenye kibanja. Kibanja cha Mhaya si shamba la mbali la kwenda na kurudi; nyumba imekaa katikati yake kama kuku juu ya mayai. Juu kuna migomba, chini yake mibuni, chini ya mibuni maharage. Enshakala ni ndizi ya kupika, embire ni ya pombe, ile rubisi inayochanganywa na mtama uliokaangwa. Jani la mgomba hufunika chungu. Maganda makavu ya shina huchanwa yakawa kamba, mikeka na mapambo. Kwa hiyo msichana akitoka na kisu asubuhi, anarudi na chakula mkono mmoja na vifaa vya kusukia mkono wa pili. Mambo yake manne yanalala kitanda kimoja.

Pembeni mwa vibanja vya zamani ulisimama mti mwingine, wa jamii ya mkuyu. Wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis, majirani zetu Waganda huuita mutuba. Huo ndio mti wa nguo.

Naam, wa nguo. Kabla pamba haijafika, Wahaya walivaa ngozi, nyuzi za miti ya jamii ya mnazi, na rubugo, yaani gome la mti huo lililopigwa hadi likawa kitambaa. Na msilidharau gome. Fundi hulivuna wakati wa mvua, mti ukiwa na maji mengi. Huparuza ganda la nje, hukata mduara juu na mwingine chini, hupasua mstari mmoja wa wima, halafu hulibandua gome polepole kwa kabari ya shina la mgomba. Chuma kingeujeruhi mti. Mti ukibaki uchi huvishwa majani ya mgomba, na chini ya majani hayo huota gome jipya, litakalovunwa msimu mwingine. Hebu fikirini: shati ulilovua linaota tena mtini!

Gome lenyewe hulainishwa kwa moto na mvuke, kisha hupelekwa kibandani. Kivulini, kwa sababu likikauka mapema halinyooki. Hapo hutandazwa juu ya gogo refu na kupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza nyundo ya mifereji mipana, halafu ya mifereji myembamba, na kila pigo hulitanua kidogo. Mwisho huanikwa, na ni jua linaloipa rubugo rangi yake ya udongo mwekundu. Mafundi wakipiga wawili watatu kwa zamu, utadhani ni ngoma ya harusi.

Ufundi huo ungali hai ng'ambo ya mpaka wetu, Uganda, ambako ukoo wa Ngonge ndio hutoa mafundi wa kurithi. UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ikauingiza kwenye orodha yake mwaka 2008. Mbunifu José Hendo, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, hushona magauni ya maonyesho kwa gome hilohilo. Msichana wetu aliyaona magauni hayo kwenye simu, chaji ikiwa imebaki kidogo, akayatazama mpaka simu ikazima.

Ndipo alipokumbuka sanduku la bibi.

Ndani ya sanduku, chini ya vitenge na picha ya ubatizo, mlikuwa na rubugo iliyokunjwa. Aliigusa tu, sauti ikatoka uani:

"Hiyo si ya kushona. Ni ya kunizika."

Hakutania. Pamba ilipoenea na fedha za kahawa zikanunua amerikani na kanga, rubugo ilitoka mabegani ikabaki kwenye mambo mazito: kumvika marehemu, na ibada za kale ambamo waganga wa mizimu walivaa magome hayo. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo Kashozi, kaskazini ya Bukoba, mwaka 1892, na kwa muumini mpya nguo nyeupe ya pamba ikawa alama ya maisha mapya. Bibi alirithi mpango huo wote bila kuandikiwa: rubugo kwa kaburi, kitenge kwa kanisa. Ni mtu wa rozari huyu. Ukimgusia Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya aliyefanywa kardinali mwaka 1960, wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu, atakusimulia kana kwamba alimwandalia chai mwenyewe.

Msichana hakubishana, na hapa mimi nampa alama zote. Aliliacha sanduku. Akaagiza kipande chake cha kushonea mfuko kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Mutukula, akalipa kwa fedha za kanzu tano za watoto wa jirani, alizozishona usiku na mchana kuelekea Idi.

Kipande kilipofika, cherehani ilikiaibisha. Alizoea mshono wa karibu karibu, ule wa kitenge. Kwenye gome, matundu yale yaliyopangana yalifanya kama ya stempu: alivuta kidogo, mfuko ukakatika mstari mmoja safi. Akakaa chini. Akala ndizi iliyopoa. Siku ya pili alirefusha mshono, akaweka bitana ya kanga iliyochakaa, na kwenye pembe akashona kwa mkono, kama mafundi wa kale walivyoziba matundu ya gome kwa sindano na uzi wa mmea.

Bado ilitakiwa rangi ya ukingo. Hilo lilitatuliwa na senene, panzi wetu wa kuliwa, msicheke! Ilikuwa Novemba. Usiku mvua ilikatika, taa za mitego zikawaka, senene wakashuka kama vumbi lenye mbawa, wakigonga mabati na kuteleza mapipani. Barabarani watoto walikimbia na ndoo. Nyumbani kila mtu alikaa chini kunyonyoa mbawa na miguu, kazi ya kuchosha vidole na kulegeza ndimi. Senene wana mafuta yao, kwa hiyo kikaangoni ni chumvi na kitunguu basi. Msichana alikuwa na ungo mapajani, akaona senene wa kijani amelala juu ya senene wa kahawia. Aliinuka na mikono yake yenye mafuta, akaenda kutafuta kitenge cha kijani.

(Mimi wa kahawia ndio nawaona watamu zaidi. Mtanipinga baadaye.)

Jumamosi mfuko ukawa tayari: mwili wa rubugo, ukingo wa kijani, kifungo cha maganda ya mgomba yaliyosukwa. Ukubwa wake ni wa kitabu cha nyimbo. Jumapili aliuning'iniza begani, akatokeza barazani. Bibi alisimama na mwavuli wake.

"Unakwenda kanisani na sanda?"

"Bibi, vikapu vya sadaka vinavyopitishwa pale vimesukwa na nani?"

"Na sisi."

"Kwa nyuzi za wapi?"

Bibi hakujibu. Kwa bibi huyu, hilo ni jibu. Walitembea mpaka barabarani bila neno, wakapanda gari, na kwenye Misa nzima msichana alimwona bibi akiutazama ule mfuko, akiacha, akiutazama tena.

Sasa lazima niwaambie jambo la kahawa, la sivyo mwisho utawapita. Buhaya kahawa ilitafunwa kabla ya kunywewa. Matunda ya robusta huchumwa, huchemshwa na majani ya kunukia, hukaushwa. Huitwa akamwani. Zamani watu wawili wakichanjiana udugu wa damu walimeza buni mbili za tunda moja. Na mgeni wa heshima akiingia, kabla ya ndizi, kabla ya habari, huwekewa akamwani mkononi. Watoto hawawekewi. Watoto hutumwa kuzileta.

Jioni ile bibi aliuomba mfuko. Akaugeuza ndani nje, akavuta mshono kwa nguvu zote alizonazo, haukukatika. Akatia rozari yake, akaitoa. Akatia miwani, akaitoa. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa akamwani, akamwekea mjukuu wake kiganjani kwa mikono miwili.

Msichana akatafuna. Ilikuwa chungu, machozi yakamlenga, lakini hakutema.

"Mkanda mfupi," bibi akasema. "Wangu urefushe."